Namba Moja ni Kwangu

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeanza kuandika. Watu wakubwa wote huandika siku zao, mimi nimechelewa miaka hamsini na mbili tu. Daftari ni la Ghislaine, mke wangu, la majina ya wateja wake wa kusuka. Kurasa tatu za mwanzo nimezing'oa. Hatajua.

Leo kifurushi changu cha saba mwezi huu! Mto wa umeme wa kukanda shingo. Ijumaa niliuagiza kwa kubonyeza simu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha kinyozi, na leo uko hapa. Hapa Madwaleni, nje ya Durban, nyuma ya bwawa la Inanda, mahali ambapo hata teksi inafika kwa kubembelezwa! Zamani kule Buyenzi, Bujumbura, nilimsubiri fundi miezi minane kwa suruali moja. Alipoileta nilikuwa nimenenepa.

Anayeniletea ni Valérie, binti wa nyumbani Burundi, huniita Tonton, yaani mjomba. Anaendesha gari dogo jeupe la kampuni ya vifurushi ya kule Clairwood. Gari linakomea darajani, chini kabisa, kwa sababu ya matope. Kutoka pale ni miguu, sanduku kichwani. Alifika amelowa jasho. Nikampa kiti cha wateja, heshima ambayo hata mchungaji hajaipata bila kulipa.

Akasema, Tonton Ladislas, watu wa mlima huu wanaagiza kama matajiri wa Umhlanga, lakini nyumba zao hazina namba. Wanaandika: nyumba ya kijani, baada ya mbuzi. Ati mbuzi wamehama, Tonton. Kifurushi kikishindikana mara mbili kinarudi Clairwood na kinahesabiwa kuwa kosa lake. Vimerudi kumi na tatu. Bosi amesema vikifika ishirini kabla ya kwisha Ijumaa ya tarehe tano Desemba, njia hii anapewa mtu mwingine. Yeye atabaki chumbani Sydenham na watoto wake wawili, wakitazamana.

Akafuta macho. Mimi sikulia. Ni nywele za mteja tu zilizoniingia jichoni.

Namba! Kumbe shida ni namba tu. Nitaupa mlima huu namba, mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Jumanne, 25 Novemba

Rangi iko: kopo la nyekundu lililobaki tulipopaka mlango wa saluni. Brashi iko. Akili iko, tena nyingi.

Nikaanza na kwangu. Namba moja. Hapo hakuna mjadala.

Namba mbili ikanikalisha chini nusu saa. Mtu mjinga angempa jirani. Lakini mimi nimesimamia karamu za harusi Buyenzi, harusi za watu elfu tatu, na siku moja hata jenerali alininong'oneza nimwonyeshe pa kukaa. Watu hawapangwi kutoka mlangoni kwenda ukutani. Wanapangwa kwa heshima. Kwa hiyo namba mbili ni induna, mkuu wa hapa, anayekaa bondeni. Namba tatu mchungaji, juu karibu na mnara wa simu. Namba nne Gogo MaNgidi, bibi mzee wa kileleni, kwa sababu kila mwaka ananipa maparachichi. Tano, kijana mmoja wa bondeni ambaye hunyoa kila wiki na habishani.

Nyumba zote ni hamsini na nane. Hamsini na nane nimempa Ambokile, Mtanzania mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Hatua kumi kutoka namba moja! Akatoka na kikombe cha chai akaniuliza, bwana mkubwa, hizi hesabu umesomea wapi? Nikamwambia, kila msafara unahitaji mtu wa kulinda nyuma.

Ghislaine alitazama akaniita kwa jina la mtoto wetu, Baba Iteka, induna atakuwaje wa pili kwenye mlima wake? Nikamjibu kwamba induna hana kiti cha kinyozi kinachozunguka.

Jumatano, 26 Novemba

Nimeamka nakuta foleni. Foleni! Akina mama, akina baba, wengine na viti vyao. Nikafikiri hatimaye dunia imejua ufundi wangu wa kunyoa.

Hapana. Ni namba. Hapa mtu akija na kopo la rangi akaandika namba mlangoni, watu wanajua maana yake: orodha ya nyumba mpya za serikali. Wakaniuliza, ni kweli? Nikawajibu kwa Kizulu changu, ambacho kimesifiwa mpaka mtaa wa Bluff, kwamba mimi ninachojua ni kwamba vitu vyenu sasa vitafika mpaka mlangoni. Wakapiga vigelegele. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

Mpaka saa sita nimepokea kuku wawili, boga moja, na mzee mmoja aliyetaka kunioza binti yake ili ahame kutoka arobaini kwenda tisa. Binti nimekataa. Boga nimepokea kwa ajili ya kudumisha amani.

Ghislaine akasema nirudishe kila kitu na niwaambie watu ukweli. Nikasema kesho. Leo watu wana furaha, nani anataka kuharibu?

Alhamisi, 27 Novemba

Siku ya kwanza ya namba zangu. Valérie alikuja saa tatu, nikamkabidhi ramani niliyochora kwenye karatasi ya daftari. Akashika moyo. Tonton, Mungu akubariki, hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivi. Nilitazama pembeni. Zile nywele tena.

Alikuwa na vifurushi kumi na kimoja.

Saa tisa amerudi, kiatu kimoja mkononi. Amefikisha vinne. Kutoka moja akashuka bondeni kwenye mbili. Kutoka mbili akapanda mpaka mnara kwenye tatu. Kutoka tatu kileleni, nne. Kutoka nne bondeni tena, tano. Akaniuliza polepole sana, kama mtu anayeongea na ng'ombe wa jirani, Tonton, nani alipanga namba hizi? Nikamweleza habari ya heshima, na harusi, na jenerali.

Akakung'uta matope kiatuni. Halafu akasema kule Clairwood alivipanga vifurushi kwa namba, moja mpaka mwisho, akijua nyumba zinafuatana. Eish, Tonton. Hilo tu. Akavaa kiatu akaondoka.

Saba vimebaki garini. Kesho ni mara yao ya pili.

Ijumaa, 28 Novemba

Black Friday, siku ya punguzo dunia nzima. Balaa!

Nimetoka nje asubuhi, mlima umebadilika. Namba mbili ziko tano. Namba tatu ziko nne. Kuanzia thelathini kwenda juu hakuna mtu tena, wote wamejipandisha vyeo usiku kwa rangi zao wenyewe, wengine kwa lipstiki. Wanaamini nyumba zitaanza kutolewa kutoka namba ndogo. Hata Ambokile sasa ni namba sita. Amesema hajui ilivyotokea.

Na kibaya zaidi, Gogo MaNgidi hana mlango. Kuna mtu hakutaka kupaka rangi. Aling'oa mlango wenyewe, na namba nne yake juu, akaufunga kwake. Gogo amekaa nyuma ya pazia la maua, fimbo mkononi, anamwuliza kila anayepita kama ameuona mlango wake.

Valérie alizunguka na mvua. Kati ya vile saba amefikisha vitatu. Vinne vimerudi Clairwood. Kumi na saba sasa.

Nilitaka kumfariji. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, punguzo la leo limenifanya niagize vitu sita, kwa hiyo Jumatatu kazi itakuwepo. Akageuka akashuka darajani. Nadhani alikuwa amechoka.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimeitwa na induna. Ukumbi mzima umejaa. Akauliza jambo moja: nani alikupa ruhusa? Nikajibu kwa dakika arobaini. Niliwaeleza Buyenzi, niliwaeleza jinsi nilivyovuka mipaka minne na kiti cha kinyozi mgongoni, niliwaeleza maana ya maendeleo. Nilipokaa akauliza tena: nani alikupa ruhusa?

Hukumu: faini ya mbuzi mmoja. Kuku na boga nirudishe. Boga tulishalila. Namba zote zifutwe kabla ya jua kuzama, na nisimame mbele ya watu niseme kwa mdomo wangu kwamba hakuna nyumba za serikali. Nilisema. Kuna mama mmoja alianza kulia, wala hakunitukana, alikunja khanga yake akaondoka. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Mlango wa Gogo umerudishwa. Aliyeuchukua aliubeba mwenyewe mpaka kileleni, na watu wakiimba nyuma yake.

Ambokile alinisaidia kufuta. Alikuja na ndoo bila kuitwa. Alisugua milango ishirini, na kwa kila mlango akaniita Mheshimiwa Namba Moja.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Valérie alikuja bila sare, na mkate. Hakuja kwangu, alikuja kwa Ghislaine. Walikaa jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikitengeneza redio ambayo haijaharibika.

Ghislaine alimwomba radhi kwa niaba yangu, jambo ambalo sikumtuma. Valérie akasema hana hasira na Tonton, alitaka kumsaidia. Akasema hata watu wa hapa hawana kosa. Kwenda mjini ni nusu siku kwenye teksi. Mama mwenye mtoto mgongoni anapata nepi kwa kubonyeza tu, hiyo si dhambi. Gogo ameagiziwa miwani na mjukuu wake aliyeko Johannesburg, sasa Gogo angeenda Durban kwa miguu gani? Tatizo, akasema, kila mtu anafikiri ni simu inayoleta. Simu haina miguu, Ghislaine. Miguu ni mimi. Goti limevimba, usiku nalilaza juu ya ndoo. Njia za wenzangu zina lami. Hii ya kwangu ndiyo niliyopewa, na hii nayo naomba wasininyang'anye.

Nilitoka nje kuangalia mvua. Niliiangalia muda mrefu.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimefunga saluni. Saa tatu nilikuwa darajani. Nikamwambia Valérie, leo unasoma majina, mimi nabeba. Mwaka wa tisini na tano nilivusha friji ng'ambo ya mto Rusizi kwa kichwa, na ndani ya friji kulikuwa na samaki.

Sanduku la kwanza sawa. La pili sawa, nilipumzika mara nne tu. La tatu! Dogo, lakini zito kama kaburi. Nilipumzika mara kumi na moja. Goti likaanza kucheza. Mtoto wa shule alinipita akirudi, mimi bado niko palepale aliponiacha akienda. Nikakaa matopeni nikauliza kwa sauti ni mpumbavu gani anayeagiza chuma kwenye mlima. Valérie akageuza sanduku akasoma.

Ladislas.

Vyuma vya mazoezi. Nilikuwa nimesahau. Vilikuwa na punguzo kubwa sana.

Hakucheka. Alijaribu kwa nguvu zote kutocheka, halafu akacheka mpaka akashika mti, na mimi nikacheka, na tulivyorudi darajani bado tunacheka, la nne likaniteleza likaingia kwenye kijito. Taulo za watu. Limerudi Clairwood likichuruzika. Jingine nalo limerudi, mwenyewe amesafiri. Kumi na tisa.

Kimoja tu. Kimebaki kimoja tu na siku nne.

Jumanne, 2 Desemba

Siwezi kuinama. Ghislaine alinikanda na mafuta ya moto. Ule mto wa umeme haukusaidia, umekufa.

Ambokile alivuka barabara na wazo. Nililikataa kabla hajamaliza, kwa sababu ni lake. Alisema tu: gari la mboga likija hapa halitafuti nyumba. Linasimama darajani, linapiga spika, watu wanashuka wenyewe. Mbona binti apande mlima mara hamsini na nane wakati mlima unaweza kushuka mara moja? Spika anayo, ile ya kutangazia mkate. Toroli analo. Induna tayari amekubali. Aliombwa ruhusa kwanza, akasema Ambokile, akinitazama.

Nikamwuliza kwa nini hakusema wiki iliyopita. Akanijibu kwamba namba hamsini na nane huwa haulizwi.

Jumatano, 3 Desemba

Lazima niandike kwa haki: wazo la Ambokile lingekufa bila mimi. Yeye ana sauti ya mtu anayeomba msamaha. Ghislaine akasema mpeni Baba Iteka spika, angalau mdomo ufanye kazi.

Saa tano kamili, darajani. Nilisoma majina kama ya mashujaa wanaorudi kutoka vitani. Kila jina nililipa sifa zake. Watu walishuka wakicheza! Kitambulisho, namba ya siri ya kwenye simu, saini, sharp, yaani safi, ondoka. Vifurushi kumi na tisa, dakika arobaini. Valérie alikuwa amekaa mlangoni mwa gari, goti limenyooshwa, anakula ndizi. Sijawahi kumwona akila.

Alhamisi, 4 Desemba

Vyote vimekwenda isipokuwa kimoja. Miwani ya Gogo MaNgidi. Gogo alikuwa kliniki, hakusikia spika. Imehesabiwa mara ya kwanza. Kesho ndiyo ya pili, na kesho ndiyo siku ya mwisho.

Ikirudi ni ishirini.

Ijumaa, 5 Desemba

Viganja vimechubuka lakini naandika.

Saa tano niliita jina la Gogo. Niliita mara sita. Hakuna aliyeshuka. Ghislaine, aliyekuwa amepanda kumwangalia, akapiga simu kutoka kwa mchungaji: Gogo yuko nyumbani, tangu kliniki miguu imekataa kabisa. Valérie akasema atapanda. Akasimama, goti likamkalisha. Tena kupanda peke yake kusingetosha: lazima Gogo mwenyewe ampe dereva namba ya siri ana kwa ana, inaingia kwenye simu yake, na kule kwake, nyuma ya kilele, mtandao hakuna. Na saa saba mchana gari lazima lianze kurudi Clairwood.

Nilimtazama Ambokile. Ambokile alitazama toroli.

Tulipanda kwa kukimbia. Basi, kwa kutembea haraka. Tulimweka Gogo kwenye toroli juu ya mablanketi, simu shingoni, fimbo mkononi. Kushuka! Ambokile anashika mikono ya toroli, mimi nimeshika kamba nyuma nizuie lisikimbie. Yeye ananipigia kelele vuta, mimi namwambia kata kulia, yeye anasema kulia ni korongo we mzee, Gogo anatupiga wote wawili kwa fimbo, haki sawa. Kwenye kona ya mchungaji kamba ilinichomoka. Niliona toroli, Ambokile na Gogo wakishuka peke yao kama treni. Gogo alikuwa anaimba.

Walisimama kwenye magunia ya mchanga, hatua mbili kutoka garini. Simu ya Gogo ikalia papo hapo. Namba ya siri imeingia! Akaisogeza karibu na pua, akaiweka mbali. Hawu, akasema, sioni kitu, miwani yangu iko wapi?

Valérie akamsomea. Saa sita na dakika arobaini na mbili. Gogo akavaa miwani, akanitazama usoni kwa muda, akasema alinidhania kijana zaidi.

Saa kumi Valérie alinipigia kutoka Clairwood. Bosi amesema kumi na tisa ni kumi na tisa. Njia ni yake. Alikuwa analia, safari hii bila kujificha. Akasema kwa mpango wa darajani anamaliza mapema, leo atawapikia watoto wake jua likiwa bado liko juu, mara ya kwanza tangu Septemba. Goti litapumzika. Akasema, Tonton, asante. Na mwambie Tonton Ambokile asante. Asante ya kwanza nimeipokea. Ya pili nitaifikisha.

Jumamosi, 6 Desemba

Sikulala vizuri kwa furaha. Nikawaza: huyu binti kaokoka, lakini je, wakubwa wake wanamjua vizuri? Nani atamsemea? Kwenye simu iko sehemu ya kuandikia kampuni. Nikaandika. Niliandika Kiingereza changu cha ofisini, saa nzima, bila kumwuliza Ghislaine, maana angepunguza utamu.

Nimewaambia kwamba Valérie ana nguvu za wanaume watatu. Kwamba milima kwake ni kama zulia. Kwamba goti lake ni la chuma. Kwamba Madwaleni yote sasa anaimaliza kwa dakika arobaini, halafu mchana kutwa anakaa mlangoni mwa gari anakula ndizi. Nikawapa nyota tano. Kungekuwa na ya sita ningeitoa.

Wamejibu! Siku hiyohiyo, Jumamosi! Ghislaine yuko kanisani kwa mazoezi ya kwaya, nimesoma mwenyewe mara tatu. Wanashukuru sana kwa taarifa hii muhimu. Walikuwa hawajui kama dereva ana nafasi kiasi hicho. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu wamemwongezea milima miwili, ile ya ng'ambo ya bwawa.

Milima miwili! Mtu aliyekuwa karibu kupoteza mmoja!

Sijamwambia mtu yeyote. Ambokile angesema ni kazi yake. Jumatatu nitashuka darajani mapema na spika, nimtangazie mimi mwenyewe mbele ya watu wote. Nataka nimwone uso.